Yule Aliyekuwa Akituomba Radhi

Televisheni ya kwanza mtaani kwetu, Magomeni, ilikuwa ya mzee mmoja dereva wa bandarini. Tulikuwa tunalipa shilingi ishirini, tunavua ndala mlangoni na kukaa sakafuni, wadogo mbele, wakubwa nyuma. Hiyo ni kama mwaka 1996, mimi nina miaka saba. Filamu za kung-fu, mieleka, taarifa ya habari ya saa mbili ambayo ilikuwa marufuku hata kukohoa: hayo anayakumbuka kila mtu wa rika langu na sina jipya la kuongeza. Ila hivi karibuni nimegundua kwamba sura ninayoikumbuka vizuri kuliko zote siyo ya mwigizaji wala ya msoma habari. Ni ya dada mmoja aliyekuwa akitokea katikati, kipindi kimoja kikiisha na kingine hakijaanza. Mikono juu ya meza, ua la plastiki pembeni, kitambaa cha bluu nyuma yake. Anasema, "Mtazamaji, uliyekuwa ukikitazama ni...", kisha anatuambia kinachofuata, anatabasamu kidogo na kupotea.

Na picha ikikatika, chenga zikajaa kwenye kioo, tulijua atarudi. Akirudi alikuwa akituomba radhi. Mzee alikuwa anamjibu kwa sauti, mbele yetu sote, bila aibu: "Haya mwanangu, hamna neno."

Tulicheka sana jambo hilo. Mtu mzima anaongea na kioo! Leo sicheki. Nimefanya kazi ya habari zaidi ya miaka kumi na nimekuja kuona kwamba mzee alielewa kazi ya yule dada kuliko sisi, na pengine kuliko waliomwajiri.

Kazi yenyewe haina jina lililotulia kwa Kiswahili. Redioni waliitwa watangazaji wa zamu. Mafundi husema kwa mkato "kontinyuiti", na kwa urefu ni mtangazaji wa kuunganisha vipindi. Hasomi habari, hahoji mtu, haendeshi kipindi. Eneo lake ni ule ufa ulio kati ya kitu na kitu. Ukitaka kumwelewa, fikiria sebule ya nyumba zetu. Mgeni haachwi peke yake. Mwenyeji akienda jikoni kuangalia chai, atamwita hata mtoto: njoo ukae na mgeni. Mtoto hana la maana la kusema, anauliza tu habari za huko mtokako, lakini yupo. Televisheni ilipoanza, ilihitaji mtoto huyo.

Na iliihitaji kwa sababu za mitambo kabisa. BBC ilipoanza kurusha televisheni Novemba 1936 kutoka Alexandra Palace, kaskazini mwa London, karibu kila kitu kilikuwa mubashara. Wachezaji wakimaliza ngoma, mandhari ihamishwe, kamera zizungushwe, taa zipangwe upya. Dakika hizo lazima mtu azishike. Waliajiriwa watatu: Leslie Mitchell, Jasmine Bligh na Elizabeth Cowell. Mwanamume alivaa suti nyeusi ya jioni na tai ya kipepeo, wanawake magauni marefu ya karamu, utadhani wamesimama mlangoni pao wakipokea watu. Watazamaji wenyewe walikuwa kaya chache tu za London na vitongoji vyake.

Tarehe 1 Septemba 1939 vita ikibisha hodi, matangazo yale yalizimwa. Kilichotangulia kuzimwa kilikuwa katuni ya Mickey Mouse, na watazamaji hawakuagwa. Kioo kilikaa kitupu karibu miaka saba. Tarehe 7 Juni 1946 kilipowaka tena, aliyetokea kuwasalimu watu alikuwa Jasmine Bligh yuleyule, na mojawapo ya maneno yake ya mwanzo lilikuwa swali: je, mnanikumbuka? Siku hiyo wakairusha tena ile katuni. Huwa naipenda sana hadithi hii. Shirika zima la utangazaji, pamoja na serikali nyuma yake, halikuona njia nyingine ya kurudi kwenye nyumba za watu isipokuwa kumtanguliza mtu anayefahamika, abishe hodi.

Heshima ya kazi hiyo ilipanda haraka. Sylvia Peters, mmoja wa waliokuja baada ya vita, ndiye aliyefungua matangazo ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth tarehe 2 Juni 1953. Miaka minne baadaye Malkia alipotakiwa kutoa salamu zake za Krismasi kwenye televisheni kwa mara ya kwanza, Peters ndiye aliyerekodi mfano wa kumwonyesha namna ya kuisoma hotuba huku ukimtazama mtu asiyekuwepo. Yaani malkia alijifunza kutoka kwa mtangazaji wa zamu! Mitambo ikigoma, au kipindi kikiisha kabla ya wakati, BBC ya miaka ya 1950 ilikuwa inaweka filamu fupi za kupozea, maarufu kuliko zote ile ya mikono ya mfinyanzi na gurudumu lake la udongo. Chungu chenyewe hakimaliziki.

Ufaransa waliwaita wanawake hawa *speakerines*, na huko ndiko kazi ilikoonyesha uso wake mwingine. Mwaka 1964 Noële Noblecourt aliachishwa kazi, na sababu iliyovuma ni kwamba magoti yake yalionekana kwenye kioo. Mwenyewe baadaye alitoa sababu nyingine kabisa. Lakini hata ile tu kwamba taifa zima liliona inawezekana mtu kufukuzwa kwa magoti inatosha kutuambia alitarajiwa kuwa nini. Alikuwa pambo, na pambo la serikali, kwa maana televisheni ilikuwa mali ya serikali. Nasema haya mapema ili nisije nikaonekana nalilia zama za dhahabu. Hazikuwepo.

Waitalia ndio waliodumu. Fulvia Colombo alifungua matangazo rasmi ya RAI tarehe 3 Januari 1954, na mwenzake Nicoletta Orsomando alikaa kwenye kazi hiyo kuanzia 1953 hadi 1993. Miaka arobaini ya kusema jioni njema. Watu waliwaita *signorine buonasera*, mabinti wa jioni-njema. Kinachonivuta kwa Italia ni lugha. Nchi ile ilikuwa bado ya lahaja, watu wengi nyumbani hawakuongea Kiitaliano cha vitabuni, na mabinti hao walichaguliwa na kunolewa kwa matamshi. Bibi wa Sicilia na bibi wa Milano walisikia lugha moja kutoka kinywa kimoja kila jioni. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi.

Sisi shule hiyo tuliipata redioni. Sauti ya Dar es Salaam ilianza 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na 1965 ikageuka Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Waliokulia kwenye RTD wanaweza kukuigizia mtangazaji wa zamu hadi leo: ule utulivu, ile namna ya kutaja saa kana kwamba saa ni mali ya umma, na yale matangazo ya vifo yaliyosomwa kwa sauti isiyolia wala isiyo na haraka, majina ya wafiwa yakitajwa mmoja mmoja mpaka kijijini. Usaili wake ulikuwa wa matamshi. *R* na *l* zako zikichanganyika, rudi nyumbani.

Televisheni ilichelewa Bara, na haikuwa bahati mbaya. Serikali ya Mwalimu iliiona kuwa anasa katika nchi ambayo bado inatafuta maji na madawati. Zanzibar hawakusubiri. Mapema miaka ya 1970 walikuwa na televisheni yao, tena ya rangi, wakati nchi tajiri kuliko wao zikitazama nyeusi na nyeupe. Watu wa Dar es Salaam wenye uwezo walisimamisha antena ndefu juu ya mabati kuitafuta TVZ ng'ambo ya bahari. Mjomba wangu anasema ukiona nguzo ya antena imefungwa kwa waya kwenye mnazi, ujue pale kuna seti. Wakenya walikuwa wametangulia tangu 1962, na kituo chao kilipochukuliwa na serikali mwaka 1964 kikaitwa Sauti ya Kenya, VoK. Catherine Kasavuli, ambaye Kenya nzima ilimfahamu alipoanza kusoma habari mubashara KTN mwaka 1990, alianzia VoK kwenye kazi hiyohiyo ya kuunganisha vipindi, upande wa redio.

Na ni VoK iliyotuonyesha uzito wa kiti kile. Alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982 askari wa jeshi la anga waliojaribu kuipindua serikali walikwenda kumtoa nyumbani Leonard Mambo Mbotela wakampeleka studio. Walikuwa na bunduki, walikuwa na tangazo lao, redio ilikuwa mikononi mwao. Wangeweza kusoma wenyewe. Lakini walijua kwamba sauti ya mwanajeshi asiyefahamika ni fujo tu, ilhali sauti ya Mbotela ni habari. Akalazimishwa kuwaambia Wakenya kwamba serikali imepinduliwa. Siku hiyohiyo, wanajeshi watiifu wakishakiteka tena kituo, sauti ileile ikahitajika kuwaambia kwamba serikali ipo. Mbotela amefariki Februari 2025, na karibu kila taazia niliyosoma ilikirudia kisa hicho. Katika maisha marefu ya kazi nzuri, siku moja ya mtutu wa bunduki.

Kwa hiyo ITV ilipoanza Bara mwaka 1994, baada ya sheria ya utangazaji ya 1993 kufungua milango kwa watu binafsi, tulikuwa tunaingia kwenye karamu wakati wenzetu wanaosha sahani. BBC ilikuwa imeondoa sura tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikabakiza sauti tu juu ya picha. TF1 ya Ufaransa ilikuwa imewaaga *speakerines* wake mwaka 1992. Sisi ndio kwanza tunanunua ua la plastiki na kitambaa cha bluu. Watu wa kufanya kazi hiyo tulikuwa nao, maana RTD ilikuwa imewapika miaka mingi. Vituo vipya vya binafsi viliwachukua: Julius Nyaisanga, Uncle J wa watu, na Charles Hilary walitoka RTD wakaingia Radio One, na wengine wengi ambao majina yao hayakuvuma waliketi mbele ya kamera kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima, wakiongea na kioo kama walivyozoea kuongea na kipaza sauti.

Mmoja wa hao wasiovuma ndiye aliyenifundisha. Mwaka 2012, nikiwa mwaka wa mwisho chuoni, nilikwenda field katika kituo kimoja cha Dar es Salaam ambacho sitakitaja, nikapangiwa chumba cha kurushia matangazo. Huko nilimkuta mama mmoja tuliyemwita Mama Zamu. Siku ya kwanza nilimpa shikamoo akanijibu bila kunitazama, macho kwenye saa ya ukutani. Nilikuja kuelewa kwamba hakuwa na dharau. Saa ile ndiyo ilikuwa kazi yake.

Chukulia mpira umeisha saa mbili kasoro dakika nne na sekunde ishirini. Taarifa ya habari inaanza saa mbili kamili, haitangulii wala haichelewi. Matangazo ya biashara yaliyopo ni ya dakika mbili na nusu. Zinabaki dakika moja na sekunde hamsini ambazo si mali ya mtu. Mama Zamu alikuwa na daftari la kaunta lenye vipande vya kusema: ratiba ya kesho, hali ya hewa, tangazo la mtoto aliyepotea, wakati wa kufuturu kama ni Ramadhani. Anaanza kuongea taratibu, anapunguza, anarefusha, jicho moja kwenye kamera na jingine kwenye mshale, na neno lake la mwisho linatua pale mshale unapogusa kumi na mbili. Sijawahi kuona akiwahi au kuchelewa kwa zaidi ya sekunde moja. "Sekunde kumi za kimya ni nyingi, mwanangu," aliniambia. "Mtu anaweza kubadilisha stesheni, akaoa, na akapata watoto."

Alikuwa na sheria zake. Usiseme "watazamaji" unapoweza kusema "mtazamaji", kwa sababu anayekutazama yuko peke yake hata kama sebule imejaa. Usiseme "tatizo la kiufundi" na kunyamaza, sema unalolijua. Hii ya pili ilimgombanisha na wakubwa. Kila Mtanzania wa umri wangu anaijua ile sentensi, "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu", na kila mmoja anajua kwamba mara nyingine sababu zilikuwa ndani kabisa ya uwezo wao: kipindi kimeondolewa kwa simu ya mtu fulani. Mama Zamu aliwahi kuitamka kwa amri, nami nikiwepo. Aliitamka vizuri, ila mwishoni hakutabasamu. Kesho yake kondakta wa daladala akamuuliza: "Mama, jana mlificha nini?" Ndiyo maana siwezi kukubali moja kwa moja kwamba watu hawa walikuwa pambo tu. Uongo wao ulikuwa na uso, na uso huo ulipanda daladala.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam. Antena za mjomba zikawa vyuma chakavu, ving'amuzi vikaingia. Nilikuwa nimebaki pale kituoni kama kibarua. Watu wengi walilalamikia bei ya king'amuzi, na walikuwa na haki, lakini chumbani kwetu badiliko lilikuwa jingine. King'amuzi kinaandika chini ya kioo jina la kipindi na kinachofuata. Na kompyuta mpya ya kurushia ilipangwa asubuhi, ikajirusha yenyewe siku nzima: kipindi, promo, tangazo, promo, kipindi. Nafasi ya sekunde kumi haikuwepo tena, ilishauzwa. Mama Zamu akahamishiwa maktaba ya mikanda. Chumba chake kidogo kikawa stoo ya maboksi, na ua la plastiki sijui lilikwenda wapi.

RAI walifika hapo mwaka 2016, walipowaondoa mabinti wa mwisho wa jioni-njema. Kwa Uingereza sauti bado ipo, inaongea juu ya majina ya waigizaji yaliyobanwa pembeni ya kioo. Kwetu iliyobaki ni sauti ya promo, ile nene, ya mwanamume mmoja ambaye nadhani anatumiwa na nusu ya vituo, inayotupigia kelele kana kwamba tuko ng'ambo ya mto. Haisemi "mtazamaji". Inasema "mdau", "familia", "usikose". Sina ugomvi na lugha ya mtaani, naiongea. Ila sikiliza kitenzi: siku hizi kila kitu ni amri.

Mwenyeji hakutoweka kabisa, alihama nyumba. Kwenye vibanda umiza alikuwa Lufufu na wenzake, wanaoingiza sauti ya Kiswahili juu ya filamu za nje, wakitueleza nani ni nani, wakimcheka adui kabla hajafa. Hao walijua tupo. Leo kijana anayerusha mubashara kwenye simu yake akisalimia kwa majina wanaoingia, na kuomba radhi kwamba bando linamwishia, anafanya kazi ya Mama Zamu bila kujua kwamba iliwahi kuwa na mshahara.

Mwezi Machi 2013, usiku wa Jumapili, nilikuwa peke yangu zamu. Tulikuwa tunarusha filamu ya Kinigeria, imebaki kama robo saa iishe, umeme ukakatika. Jenereta ikachelewa. Ulipowaka, kompyuta ikafanya ilichofundishwa: ikaanza ile filamu upya, tangu nembo ya mtayarishaji. Nilimpigia fundi, hakupokea. Sikuwa na ruhusa ya kugusa orodha. Hapakuwa na kamera ya kukaa mbele yake wala kipaza sauti kilichounganishwa hewani, vilishang'olewa.

Simu ya mezani ikalia. Sauti ya mama mtu mzima, nyuma yake watoto wanazozana.

"Mwanangu, yule binti kapona au kafa?"

Nikamwambia samahani mama, umeme ulikatika, filamu imeanza upya kwa bahati mbaya, tuwie radhi. Na binti sijui, sikuwa naangalia.

Akanyamaza kidogo. "Kwani wewe ndiye nani?"

Nikasema mimi ni kibarua tu hapa.

"Basi nipe mwenyewe," akasema.

Nilimwambia asubiri. Nikaiweka simu mezani, nikatoka koridoni, nikawasha taa. Mlango wa kile chumba kidogo ulikuwa wazi, maboksi ya ving'amuzi yamepangwa mpaka kwenye saa ya ukutani. Niliporudi alikuwa bado yupo kwenye simu, na nilisikia kwa upande wake filamu ikianza, wimbo uleule.